Mlima Haujajificha

Asubuhi, watu wa Moshi wakishasalimiana, huuongelea mlima. "Leo umetoka," atasema muuza magazeti. "Leo umejificha," atajibu mteja wake huku anatafuta chenji. Hiyo ndiyo salamu ya pili ya mji wetu, na sijawahi kumwona mtu akiikasirikia isipokuwa Mwalimu. Yeye alikuwa anasimama, anageuka, na kumwambia mtu asiyemjua kabisa, "Samahani ndugu yangu, mlima haujajificha. Wingu ndilo limekuja. Mlima hauna habari na wewe." Halafu anaendelea na safari yake, mkoba wa ngozi kwapani. Wengine walicheka, wengine walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilimsikia kwa mara ya kwanza mbele ya duka la vitabu, nimetoka kununua chaki, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Siku iliyofuata wingu lilikuwa palepale, na nikajikuta nimesimama uani nikiutazama upande wa mlima ambao siuoni, nikijua upo, nikijua haunijui. Sikuwahi kuhisi hivyo maishani mwangu.

Tulimwita Mwalimu tu. Moshi haina uhaba wa walimu, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, nimefundisha shule ya msingi mpaka vumbi la chaki limekuwa sehemu ya kifua changu. Lakini ukisema "Mwalimu" pale mtaani Majengo bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamtaja nani. Siku tatu kwa wiki alipanda kufundisha falsafa kwenye seminari moja huko juu. Siku zilizobaki aliishi katika chumba cha kupanga, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, na Jumamosi alasiri alitufundisha sisi wengine bure. Tulikuwa kundi la ajabu: waseminari wachache walioshuka kwa visingizio, mwinjilisti wa Kilutheri, nesi, fundi redio, na mimi. Tulikaa kitandani kwake, tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, na aliyechelewa alisimama mlangoni. Cherehani ya jirani ililia somo zima, naye hakuwahi kumwomba fundi apunguze. Alisema cherehani nayo ina hoja zake.

Alichofundisha nitakieleza kwa maneno yangu, na nikikosea lawama ni zangu. Alisema wasomi wa Ulaya wamejifungia ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka mia mbili. Walianza kwa jambo la busara: mtu hawezi kukiona kitu ila kwa macho yake, wala kukifikiri ila kwa akili yake. Hapo sawa. Kisha wakasogea kidogo: kwa hiyo hatuwezi kusema lolote juu ya kitu chenyewe, tunaweza kusema tu jinsi kinavyotutokea sisi. Kisha, katika miaka ambayo yeye alisoma huko, wakafika mwisho wa njia: kila kitu ni lugha, kila kitu ni tafsiri juu ya tafsiri. "Nilikaa na watu wenye akili kuliko wote niliowahi kukutana nao," alituambia, "na hakuna hata mmoja aliyekuwa radhi kuniambia kama sufuria inaendelea kuwepo sisi tukitoka jikoni."

Mwenye nyumba wake, mama wa Kiislamu mwenye ulimi mwepesi ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa akipita mlangoni.

"Mwalimu, jiko lako la mafuta lipo au halipo?"

"Lipo, Bibi. Kwa uhakika kabisa."

"Basi lizime, maharage yanaungua."

Yalikuwa yameshaungua. Yaliungua karibu kila Jumamosi. Hii ilikuwa moja ya maajabu yake: mtu aliyeishi kwa ajili ya vitu, aliyesema vitu vinastahili heshima kuliko tunavyovipa, na mikono yake haikuelewana na kitu chochote duniani. Alifungua redio ili ajionee kilicho ndani, na redio ile haikusema tena. Alijaribu kutengeneza mguu wa meza, meza ikawa fupi upande mmoja, akatengeneza na upande wa pili, mpaka tukawa tunaandikia magotini. Fundi redio wetu alimsihi kwa upole, "Mwalimu, wewe fikiri tu, sisi tutafunga skrubu." Alicheka sana. Alipenda kuchekwa na watu aliowafundisha, na huo ni ukubwa ambao sijauona kwa walimu wakuu wangu wote.

Lakini kulikuwa na siku ambazo hakuna aliyecheka. Asubuhi moja ya Julai alitupeleka ukingoni mwa mji, mahali ambapo hakuna nyumba inayoziba, na Kibo kilikuwa wazi chote, kuanzia msituni mpaka kwenye barafu. Hakutueleza tumekwenda kufanya nini. Alituacha tutazame kwanza.

"Mlima huu ulikuwa moto," akasema hatimaye. "Uliwaka na kumwaga na kupoa, ukawaka tena. Hakukuwa na Mchagga, hakukuwa na mtu, hakukuwa na jicho la mnyama yeyote wa kuutazama. Nijibuni. Ulikuwa unawaka au haukuwa unawaka?"

"Ulikuwa unawaka," tukasema.

"Kwa ajili ya nani?"

Mseminari mmoja akajaribu, "Mungu alikuwa anaona, Mwalimu."

"Mungu mwache kidogo, mpe mapumziko. Wewe unakimbilia kwake kwa sababu unaogopa. Unataka lazima pawe na mtu anayetazama. Na hao wa Ulaya wanaogopa vilevile, ila wao badala ya Mungu wanajiweka wenyewe. Mimi nawaambieni moto ule haukuwa kwa ajili ya mtu yeyote. Uliwaka tu. Na akili hii tuliyo nayo, ndogo kama ilivyo, inaweza kujua hivyo. Inaweza kujua kitu ambacho hakikuwa na haja nayo. Mnaona maajabu hayo?"

Niliyaona. Nilisimama pale na khanga yangu begani, mwanamke mzima mwenye watoto, machozi yakanitoka. Haikuwa huzuni. Nilijiona mdogo sana, na wakati huohuo nikajiona nimepewa heshima kubwa, kuwa mdogo hivyo na bado niweze kujua. Nesi aliyekuwa karibu nami alinishika mkono bila kuniangalia. Mpaka leo sijui kama Mwalimu aliona.

Hiyo ni miaka ambayo Moshi ilifurika vitu. Wenye umri wangu wanakumbuka maduka yalivyokuwa na rafu tupu, sabuni ya kupanga foleni, kisha ghafla milango ikafunguliwa na kila kitu kikaingia: mabeseni ya plastiki ya rangi zote, redio, saa za mkononi zinazokufa baada ya wiki, na marobota ya mitumba. Mapadre na wachungaji wakaanza kuhubiri kwamba watu wamekuwa watumwa wa vitu. Mwalimu alipinga kabisa. Alikuwa akizunguka kwenye mitumba bila kununua, akigusa tu, anainua koti zito la nchi ya baridi, anaangalia kiwiko kilivyolika. "Wanasema watu wa siku hizi wanapenda vitu," aliniambia siku moja akiwa bado ameshika mkono wa koti, akiniita kwa kijiji chetu kama kawaida yake. "Si kweli, Binti wa Uru. Wangevipenda wasingevitupa upesi hivi. Wanachopenda ni kuonekana navyo. Kitu chenyewe hawajawahi kukitazama hata dakika moja." Muuzaji akamuuliza kama ananunua au anahubiri.

Wazee waliopitia semina za chama enzi zile walilijua neno uyakinifu, ile elimu ya kwamba maada ndiyo msingi wa yote, na walipomsikia akilitumia walifurahi wakadhani wamepata mwenzao. Mmoja alikuja darasani na kalamu mbili. Aliondoka amechanganyikiwa, kwa sababu Mwalimu hakusema neno juu ya wenye mali na wasio nayo. Alizungumza saa nzima juu ya mzizi wa mgomba unavyotafuta maji gizani bila kushauriwa na mtu. Kwake, maada haikuwa kitu kilichokufa kinachongoja sisi tukisukume. Maada inatenda. Maji yanatenda, kutu inatenda, udongo unatenda. "Tunadhani ni sisi tu tunaofanya mambo," alisema, "na vingine vyote vinafanyiwa." Neno hilo alilisema mara nyingi, na naliandika hapa kwa sababu ya yale yaliyomkuta.

Parokiani kulikuwa na minong'ono kwamba anawafundisha vijana kumkana Mungu. Wenye minong'ono hawakuwa wakiamka mapema, maana wangemwona misa ya kwanza kila Jumapili, benchi la nyuma, akipiga magoti muda mrefu kuliko watawa. Nilimuuliza anapatanishaje hayo mawili. Akaniambia hajayapatanisha, na kwamba magoti yake nayo ni maada na yana haki ya kuamua mambo yao. Nilidhani ananitania. Siku hizi sidhani hivyo.

Kisha ikaingia miaka ya elfu mbili, na rafiki yake wa zamani akawa anamtumia majarida kutoka Ulaya. Siku moja tulimkuta amekaa kitandani, majarida yametapakaa mpaka sakafuni, uso umeng'aa. Kumbe huko nako wamechoka! Kumetokea vijana, alisema, wanaosema wazi kwamba falsafa lazima iweze kusema juu ya dunia isiyo na sisi, dunia kabla yetu na baada yetu; na wengine wanaosema maada ina nguvu zake, si mzigo wa kubebwa. Hawakukubaliana wao kwa wao, walitukanana kwa adabu kama wasomi wanavyofanya, lakini wote walikuwa wametoka nje ya ile nyumba. Mwinjilisti akamuuliza haoni wivu kwamba yeye aliyasema haya chumbani Majengo na wenzake watapata sifa? Mwalimu alimshangaa. "Wivu wa nini? Jambo likiwa kweli, halijali nani amelisema kwanza." Alitununulia soda wote.

Nimesema mazuri mengi. Sasa niseme lingine, ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake. Mwalimu alikuwa na subira na vitu kuliko na watu. Na Desemba ilipofika, Wachagga wote wa Dar na Arusha wanapomiminika kupanda nyumbani mlimani, magari yamejaa masanduku na mbuzi, yeye hakupanda. Alikula Krismasi Majengo, kwa Bibi, ambaye alimpikia pilau kwa huruma. Kihamba cha kwao, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilikuwa Kilema, mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hakukanyaga.

Sababu ilikuwa mpaka. Baba yao alipogawa kihamba, mdogo wake, kama kitinda mimba wa kwetu anavyopewa, alipata sehemu ya juu yenye nyumba ya wazazi, na Mwalimu akapata sehemu ya chini. Kati yao baba alipanda mstari wa masale, ule mmea wenye majani marefu ambao kwetu ndio unaoonyesha mwisho wa shamba la mtu. Aliupanda sawasawa na jiwe kubwa lililozama ardhini, ili pasiwe na ubishi. Mwalimu akaenda Ulaya. Aliporudi baada ya miaka mingi, alikuta masale hayako usawa wa jiwe. Yalikuwa yamesimama hatua kadhaa chini yake, ndani ya sehemu yake, yamestawi vizuri.

Jiwe halijasogea; kila mtu aliona. Kwa hiyo masale yamesogezwa. Na aliyekuwepo miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu. Mwalimu aliyasema hayo mbele ya ukoo mzima, hatua kwa hatua, kwa mantiki aliyokuwa akiwafundishia waseminari, na hakuna aliyepata tundu la kupenya. Mdogo wake alisema jambo moja tu: "Kaka, sikuyahamisha." Wazee wakaamua alete isale. Wasio wa kwetu niwaeleze: jani hilohilo la mpaka ndilo la kuombea msamaha. Mkosaji analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea, na likishapokewa kosa limekwisha, hata liwe kubwa namna gani. Kulikataa ni mwiko. Mdogo mtu akakataa kulipeleka. Alisema hawezi kuomba msamaha wa kitu ambacho hakukifanya. Mwalimu naye hakutaka ardhi yake irudishwe, alitaka jani. Alishuka mjini akapanga chumba, akalisubiri.

Alilisubiri zaidi ya miaka kumi na tano. Mama yao alifariki katikati ya miaka hiyo. Nilikwenda mazishini, na niliwaona wana wawili wa tumbo moja wamesimama pande mbili za kaburi, kila mmoja anatupa udongo wake. Watu walisema mama alikuwa akiulizia hadi siku ya mwisho kama isale limepelekwa. Mwalimu alirudi Majengo jioni ileile. Jumamosi ile mseminari mmoja, asiyejua, alisema darasani kwamba isale ni ishara ya msamaha. "Si ishara," Mwalimu alimjibu kwa sauti kali hivi kwamba cherehani ilisimama. "Ingekuwa ishara, mtu angeandika neno samahani kwenye karatasi akatuma. Jaribu uone kama itapokewa. Ni jani. Lazima likatwe, libebwe, lifike." Tukainamisha vichwa tukaandika.

Miaka kadhaa baada ya mazishi yale, mama yangu alikuwa Uru, mzee lakini bado anapalilia mwenyewe. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekwisha, kahawa nyingi ya majirani imeng'olewa kwa sababu haikulipa, na mama alitaka kuona watu. Nikawaalika darasa zima. Tulikula mtori wa ndizi, tukanywa, tukatembea shambani tukishuka taratibu kwa sababu ya utelezi. Mwalimu alikuwa mbele akinieleza jambo, kisha akasimama katikati ya sentensi.

Alikuwa anatazama mstari wetu wa masale. Baba yangu aliupanda kutenganisha kahawa na majani ya ng'ombe. Juu kwetu, chini kwetu, hapana jirani yeyote. Nilikuwepo alipoupanda, nikiwa msichana, nikimshikia kamba ili unyooke. Sasa mwanzo na mwisho vilikuwa palepale, na katikati ulikuwa umeshuka, umepinda kuelekea bondeni.

"Mama," Mwalimu alimwita mama yangu. "Shikamoo tena. Nani aliyahamisha masale haya?"

"Marahaba, baba. Nani ayahamishe? Pande zote ni zetu."

"Lakini yamehama."

"Yamehama ndiyo. Pale juu mfereji wa mfongo unavuja, maji yanaingia chini kwa chini. Udongo unatembea, nayo yanatembea nao. Angalia hata ile miti ilivyopinda mguuni." Mama alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akaendelea kushuka. Kila mtu wa kwetu anajua udongo unatembea. Mwalimu naye alilijua hilo tangu utotoni, bila shaka yoyote.

Nilimwona akipauka. Nilifikiri ni moyo, nikamkimbilia kumshika. Aliuondoa mkono wangu kwa upole, akachuchumaa kwenye matope na suruali yake ya Jumamosi, akashika shina la isale moja, akalitikisa. Lilikuwa imara kabisa, limeota mizizi mahali ambapo hakuna aliyelipanda.

"Kwetu mfongo unapita upande wa juu wa jiwe," akasema. Hakuwa akisema na mimi. "Jiwe liko kwenye mwamba. Haliwezi kutembea. Lingetembea nalo, ningejua ni udongo."

Halafu akasema, "Nimefundisha miaka yote hii." Hakumaliza. Niliogopa kumtazama usoni. Yule aliyetuambia udongo unatenda, alipokuta kitu kimetendeka kwenye shamba lake mwenyewe, alitafuta mkono wa mtu, akamchagua mdogo wake. Wenzangu walisimama mbali, wameelewa. Nawashukuru mpaka leo kwamba hakuna aliyesema neno la kufariji.

Alimwomba mama yangu ruhusa ya kukata jani pale pale kwenye mstari uliopinda. Mama, ambaye hakuambiwa chochote, alimtazama, akaenda kumletea kisu. Kwetu mtu akibeba isale anatafuta wa kwenda naye, awe shahidi. Aliniomba mimi. Alisema niende kwa sababu nimeona mstari ukipandwa na nimeuona ulivyo sasa.

Tulikwenda Kilema siku ya pili, Jumapili, baada ya misa. Alivaa koti. Njia nzima alilishika lile jani mbele ya kifua kwa mikono yote miwili, fundo limefungwa vibaya, bila shaka, limelegea upande mmoja, na watu tuliopishana nao njiani waliliona, wakatupisha. Wazee kwa vijana waliacha njia. Mtu aliyebeba isale kwetu haulizwi anakwenda wapi. Nimetembea na maaskofu kwenye maandamano ya Ekaristi, na sijawahi kuona watu wakipisha namna ile. Yeye hakuwatazama. Alikuwa mzee tayari, anahema, na nilipomwambia tupumzike alitikisa kichwa.

Mdogo wake alikuwa uani anapasua kuni. Nilimjua kwa sura, ni ileile, ila imechomwa na jua. Aliliona jani kabla hajamwona kaka yake. Shoka likabaki limesimama kwenye gogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Mwalimu alinyoosha mikono. "Nimekuletea. Ni mfongo. Ni udongo, mdogo wangu, umetembea na masale. Nimeona Uru, huyu hapa ni shahidi. Ulisema kweli, na mimi nikakusingizia mbele ya watu, mbele ya mama."

Mdogo mtu hakulipokea. Nilishtuka, kwa sababu ni mwiko, naye alijua. Alibaki anatazama mikono ya kaka yake, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayejaribu kuelewa jambo gumu.

"Kaka," akasema taratibu. "Wewe ndiye uliyesoma. Ulipoeleza siku ile, kila kitu kilikuwa sawasawa. Jiwe, masale, mimi. Nikarudi ndani nikajiuliza. Mwaka wa kwanza nilijua sikuyahamisha. Mwaka wa pili nilijua. Baadaye nikaanza kusema, labda nilipokuwa napalilia niling'oa nikarudishia vibaya. Labda nilikuwa nimelewa. Mama alipofariki nilikuwa nimeshaanza kuona mikono yangu ikiyang'oa. Naona kabisa, kaka, mchana kweupe." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimekwenda kuungama. Nimemwambia padre nimeiba ardhi ya ndugu yangu, na nimepewa malipizi, nikayafanya."

Mwalimu alipiga magoti. Hakuinama tu, alipiga magoti yote mawili kwenye vipande vya kuni, mkubwa mbele ya mdogo, jambo ambalo kwetu halifanyiki, jani bado limenyooshwa. Nikaona ninapaswa kugeuza macho, na sikuweza.

"Hukuyahamisha," akasema.

Mdogo wake akalipokea jani. Akalishika kifuani, akageuka upande wa zizi, akamwita mkewe kwa sauti ya kupasuka aache kukamua, aje haraka, awaite na majirani wa juu na wa chini. Kisha akamgeukia kaka yake aliyekuwa bado magotini.

"Sema tena," akamwomba. "Sema kwa sauti, nisikie vizuri."

"Hukuyahamisha."

"Tena, kaka."

"Hukuyahamisha," Mwalimu akasema, na akaendelea kusema, mpaka watu wakajaa uani na mdogo wake akaanza kumwamini.